Kufundisha Kifaransa cha mwanzo katika shule za Uganda: mwongozo kwa mwalimu wa Senior One

Mtoto anayeingia Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, ana lugha tatu kinywani: ya nyumbani, Kiingereza cha shule, na Kiswahili, ambacho mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima Senior One na Senior Two. Kifaransa kinakuja kuwa cha nne. Walimu wengi hukifundisha kupitia Kiingereza kwa sababu vitabu vimeandikwa hivyo na sisi wenyewe tulifundishwa hivyo. Hapo ndipo nusu ya makosa yanapozaliwa. Mtoto anaona neno “table” ubaoni na kulisoma Kiingereza. Anataka kutaja umri wake, anasema “je suis quatorze”, yaani “mimi ni kumi na nne”. Lugha iliyo karibu zaidi na Kifaransa katika mambo mengi ya mwanzo ni hiyo aliyoizungumza asubuhi na mama yake.

Mwongozo huu ni wa mwaka wa kwanza tu, kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, vitabu vichache na vipindi vya dakika 40.

Kabla ya kipindi cha kwanza

Pita darasani na daftari, uliza kila mmoja anazungumza lugha gani nyumbani na kama ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Kasese hutakosa Wakonzo wenye shangazi Beni au Butembo, kwani Kikonzo na Kinande ni lugha moja iliyokatwa na mpaka. Kisoro utapata wenye ndugu Bunagana na Rwanda. Shule zilizo karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali zina watoto wa Kikongo ambao huenda walisoma shule ya msingi kwa Kifaransa. Hao wape kazi mapema, ila usiwageuze kuwa walimu wasaidizi. Mtoto aliyesoma Bukavu anaweza kuzungumza vizuri na bado asijue kuandika “ils parlent”. Akiachwa ajibu kila swali, wenzake watanyamaza muhula mzima.

Kisha chukua azimio la kazi ulipunguze. Mwaka wa kwanza unatosha kwa haya: salamu na kujitambulisha, amri za darasani, familia, namba, saa, shule, chakula na soko, mahali na nchi. Wakati uliopita ungoje Senior Two. Najua mwalimu wa taaluma atataka kuona ukurasa mrefu, lakini ukurasa mrefu haujawahi kumfanya mtoto afungue mdomo.

Mtu akikuuliza kwa nini mtoto wa Uganda ajifunze Kifaransa, mwonyeshe ramani. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi na Rwanda walikuwemo tayari, na malori yanayovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, upande wa Kongo, hayasubiri mtu amalize chuo kikuu.

Kipindi cha kwanza, dakika kwa dakika

Usiandike kitu. Rudi mlangoni, ingia upya, sema “Bonjour!” kwa sauti ya mtu aliyefurahi kuwaona. Watacheka. Toka tena, ingia tena. Safari ya tatu watakuitikia bila kuambiwa. Waongezee “monsieur” au “madame”, na uwafafanulie kwa Kiswahili kwamba mkubwa hasalimiwi kwa “bonjour” tupu, kama ambavyo hawawezi kumpita babu bila shikamoo au kumsalimu mzee wa Kiganda bila “ssebo”.

Dakika kumi zimekwisha. Sasa jiguse kifuani: “Je m'appelle…” na jina lako. Mwelekee aliye mbele: “Et toi?” Akijibu jina tupu, rudia wewe sentensi nzima na umngoje. Halafu mnyororo: Masika anajitambulisha, anamuuliza Baluku, Baluku anamuuliza Biira. Katika darasa la watoto sitini usiende mmoja mmoja, utapoteza kipindi. Anzisha minyororo sita kwa pamoja, kila safu wa kwake, nawe utembee katikati ukisikiliza. Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa chumba cha jirani umwombe radhi mapema.

Dakika kumi za mwisho ni za amri: “levez-vous” (simameni), “asseyez-vous” (ketini), “écoutez” (sikilizeni), “répétez” (rudieni), “ouvrez le cahier” (fungueni daftari). Sema huku ukifanya, wafanye nao. Kisha sema bila kufanya uone nani ameshika. Malizia na “au revoir” na utoke nayo. Kuanzia siku hiyo amri hizo zisitoke tena kinywani mwako kwa Kiingereza, hata siku umechoka.

Sikio kwanza: wiki tatu za sauti

Wiki tatu za mwanzo nenda na sauti chache kila kipindi, dakika tano tu, kabla ya jambo lolote.

Anza na zile walizo nazo tayari. “Ou” ni u ya kuku: vous, nous, jour. “Ch” ni sh ya shati: chaise, chat. “Gn” ni ny ya nyanya: montagne, Espagne. “É” ni e yetu. Waambie wazi kwamba irabu za Kiswahili zinawafaa kuliko za Kiingereza, na utaona mabega yakilegea.

Halafu zile ngumu. “U” ya Kifaransa haimo katika lugha zetu. Mwambie mtoto aseme “i”, aishikilie, ulimi usisogee, kisha akunje midomo kama anayepiga mluzi. Itakayotoka ndiyo hiyo. Mpe jozi za kubishana nazo: tu na tout, rue na roue, vu na vous. “J” ya bonjour ni sh yenye mtetemo: aweke kidole kooni, aseme “shshsh”, kisha awashe sauti mpaka koo litetemeke.

Irabu za puani ndizo zitakazokula muda. Mtoto wa Kibantu akiona “bon” atasema “boni” au atafunga kwa n iliyokamilika. Shida iko kwenye ncha ya ulimi: inapanda kugusa ufizi. Waweke wawili wawili, mmoja aseme “bon, banc, bain”, mwenzake achungulie mdomoni. Ulimi ukipanda, arudie. Ni zoezi la kuchekesha na ndiyo maana linakaa kichwani.

Kuhusu “r”, usipoteze wiki ukiwafundisha kukoroma kama watu wa Paris. R ya ncha ya ulimi husikika kwa wazungumzaji wengi wa Kifaransa wa Afrika na hueleweka. Linalohitaji kazi ni jingine. Katika Luganda, l na r hubadilishana kulingana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo mtoto wa Masaka anaweza kuzichanganya bila kujisikia. Mpe “le lit” na “le riz”. Akienda hotelini Bukavu kuomba wali akaletewa kitanda, ataelewa ulichokuwa unapigania.

Kuna mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinaponza, nako usikufiche. Sisi husoma kila herufi, na tunapenda neno liishie kwa irabu. Kifaransa humeza herufi za mwisho: petit, trois, beaucoup, na ile -ent ya “ils parlent” ambayo hakuna anayeisikia. “Madame” inageuka “madamu”, “table” inageuka “tabulu”. Dawa ni kusikia neno mara nyingi kabla ya kuliona. Mtoto aliyesema “trois” wiki nzima kwa sikio hatatamka s siku atakapoiona. Aliyeiona kwanza ataitamka mpaka Senior Four.

Kuleta maandishi

Wiki ya nne fungua daftari, ukiandika tu maneno wanayoyasema tayari. Andika sentensi, isome, kisha futa kwa kidole herufi zisizotamkwa huku wakitazama, usome tena. Sauti haikubadilika. Zirudishe. Hilo linaeleza herufi bubu kuliko kanuni yoyote.

Wapo watakaoandika “lezami” pembeni ya “les amis” na “vuzave” pembeni ya “vous avez”. Waache, mradi iwe kwa penseli na kurasa za nyuma. Ubaoni wewe usiandike hivyo kamwe, kwa sababu kilichoandikwa na mwalimu ubaoni mtoto hukichukua kuwa sahihi.

Kila wiki wape imla ya sentensi tatu zilizokwisha kusemwa darasani. Wabadilishane daftari na kusahihishiana, la sivyo utabeba madaftari sitini nyumbani kila Ijumaa na mwezi wa pili utaacha.

Sarufi: tumia daraja lililopo

Hapa ndipo Kiswahili na lugha za nyumbani zinapolipa.

Umri: nina miaka 14, “j'ai quatorze ans”. Njaa: nina njaa, “j'ai faim”. Kiu: nina kiu, “j'ai soif”. Kiingereza hutumia kitenzi cha kuwa, Kiswahili na Kifaransa hutumia cha kuwa na. Rangi: baiskeli nyekundu, “un vélo rouge”, sifa nyuma ya nomino. Umiliki: kitabu cha mwalimu, “le livre du professeur”, mpangilio uleule. Na lile linalowatesa wanaopitia Kiingereza, “son” na “sa”: Kifaransa hutazama kinachomilikiwa, si mwenye nacho. Mtoto anayejua kwamba ni kitabu chake lakini nyumba yake hahitaji hotuba. Mwambie “son livre, sa maison”, bila kujali mwenye nyumba ni Baluku au Biira.

Heshima pia. Mganda humwambia mzee “mwasuze mutya” kwa wingi hata akiwa peke yake, na rafiki yake “wasuze otya”. Hiyo ni “vous” na “tu”. Somo limekwisha.

Pale daraja linapokatika, tua hapo na usiwe na haraka. La kwanza ni “il” na “elle”. Lugha zetu zina yeye mmoja, na mtoto atasema “ma mère, il” mwaka mzima usipomzuia. Chora watu wanne ubaoni, wanaume wawili na wanawake wawili, kila mmoja na kazi yake, kisha uliza haraka ukiwaonyesha bila mpangilio: “Il est chauffeur?” “Elle est infirmière?” Rudia kila wiki kwa dakika tatu. Hakuna njia ya mkato.

La pili ni jinsi ya nomino. Usiwaambie ni wanaume na wanawake, kwa sababu watakuuliza kwa nini meza ni mwanamke na hutakuwa na jibu. Waambie ni ngeli, na Kifaransa kina mbili tu. Mtoto aliyezoea ki-vi, m-mi, ji-ma na nyinginezo ataziona mbili kuwa afueni. Sharti ni moja: nomino isiandikwe wala kusemwa bila “un” au “une”. Asiyeandika “un” au “une” hajaandika neno. Karatasi za manila ukutani ziwe na rangi mbili, buluu kwa “un” na nyekundu kwa “une”, na zisishuke mpaka Desemba.

Vitenzi: être, avoir, s'appeler, na vile vya -er vya kawaida kama parler, habiter, aimer, manger. Aller na faire muhula wa pili. Kukanusha kwa “ne… pas” kulete mapema, maana mtoto anayeweza kukataa anaweza kuzungumza: “Je n'aime pas les haricots”, sipendi maharage, itapata mashabiki katika bweni lolote la Uganda.

Saa: mtego wa kwetu

Saa mbili asubuhi ni “huit heures”. Tukihesabu kwa Kiswahili, Luganda au Kinyankole, siku yetu inaanza saa kumi na mbili, na mtoto akitafsiri kichwani atasema “deux heures” akimaanisha wakati wa kipindi cha kwanza. Chora uso wa saa, nje yake andika namba za Kifaransa na ndani andika za Kiswahili, zikipishana sita. Kisha chukua ratiba ya shule yao wenyewe, kuanzia kengele ya asubuhi hadi preps, kipindi cha kujisomea, waiseme yote. Ratiba za Kifaransa huhesabu hadi 24, kwa hiyo saa nane mchana inaweza kuwa “quatorze heures”. Wafundishe waitambue wakiiona, wasilazimike kuisema.

Namba na soko

Namba zifundishwe kwa bei, maana pesa yetu inalazimisha maelfu tangu mwanzo. Ukijua 1 hadi 20 pamoja na “cent” na “mille”, unaweza kununua. “Mille”, “deux mille”, “cinq mille”, “dix mille”: noti zile zile zilizo mifukoni mwao. Wakumbushe kwamba “mille” haichukui s hata zikiwa elfu kumi.

Sabini na tisini zina kisa. Ufaransani ni “soixante-dix” na “quatre-vingt-dix”. Kongo, Rwanda na Burundi, kwa urithi wa Wabelgiji, utasikia “septante” na “nonante”, ingawa themanini inabaki “quatre-vingts”. Kwa mtihani wafundishe za Ufaransa, lakini mtoto wa Mpondwe asiyeijua “septante” atapunjwa sokoni na muuza vitenge. Mpe zote, umwambie ipi ni ya wapi.

Zoezi la soko hulifanya hivi. Kila mtoto anakata vipande vinne vya karatasi, anachora bidhaa nne na kuandika bei kwa tarakimu. Nusu ya darasa ni wauzaji, madawati yamegeuzwa kuwa meza. Nusu nyingine wana orodha ya kununua vitu vitatu wasizidishe shilingi 10,000. Ubaoni kuna mistari mitano tu:

“Bonjour, madame.”
“C'est combien, les tomates?”
“C'est trois mille shillings.”
“C'est trop cher! Deux mille?”
“D'accord. Merci.”

Dakika kumi, kisha wabadilishane zamu. Raundi ya pili futa mistari miwili ya katikati, ya tatu futa yote. Kufikia hapo hawakumbuki kwamba wako darasani, wanapunguziana bei kwa ukali, na yule asiyeinua mkono tangu Februari unamsikia akifoka “C'est trop cher!”, ni ghali mno. Wewe zunguka na daftari dogo, andika makosa matano uliyoyasikia mara nyingi, uyashughulikie kipindi kijacho. Ukikatiza soko kusahihisha, umelifunga.

Nchi zifuate hapo hapo, kwa swali la mfanyabiashara: unatoka wapi? “Je viens de Kasese. J'habite en Ouganda.” Uganda kwa Kifaransa ni ya kiume, lakini kwa kuwa inaanza na irabu huchukua “en”. Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo huchukua “au”, Tanzania huchukua “en”. Ramani moja ya Afrika Mashariki ukutani inatosha.

Kusahihisha bila kuua

Chukua insha hii ya mtoto wa muhula wa pili:

“Je suis Masika. Je suis 14 ans. J'habite Kasese. Ma mère il est commerçante. J'ai deux soeur et un rouge vélo.”

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataijaza damu. Mimi ningegusa matatu: “j'ai 14 ans”, “ma mère est commerçante”, “un vélo rouge”. Haya ni makosa ya muundo na yote yana daraja la kumrudisha: nina miaka, yeye wa kike, baiskeli nyekundu. S iliyosahaulika kwenye “sœurs” nitaiwekea nukta na kuendelea, maana haisikiki. Na “J'habite Kasese” usiiguse kabisa: “habiter” hukubali kutumika na “à” au bila. Kabla ya kuchora msalaba, hakikisha kosa ni lake, si lako.

Ukimrudishia, aandike upya sentensi tatu zile tu. Kunakili insha nzima ni adhabu.

Vifaa na mitihani

Vitabu vikiwa sita kwa darasa, visibaki kabatini: kimoja kwa kila kikundi cha kumi, mmoja asome wengine wafuate. Simu za wanafunzi shule nyingi haziruhusu, kwa hiyo tegemea ya kwako na kipaza sauti kidogo. Radio Okapi ya Kongo hutangaza kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili, nayo hupatikana mtandaoni. RFI na TV5MONDE wana mazoezi ya bure ya wanaoanza. Pakua nyumbani, usitegemee mtandao wa shule. Wachezee sekunde thelathini, si dakika tano, na swali liwe moja: umesikia namba gani? Umesikia majina mangapi ya nchi? Walio karibu na Kampala wana maktaba ya Alliance Française.

Mtaala mpya unataka asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha Senior Four, zitoke kwenye tathmini ya shuleni na 80 kwenye mtihani wa UNEB, bodi ya mitihani ya taifa. Mazungumzo yaingize kwenye hiyo tathmini yako, hata dakika mbili kwa mtoto, wakiingia wawili wawili huku wengine wakifanya imla. Kisichopewa alama hawakijali, na hilo si kosa lao.

Kama unatafuta kipimo cha nje, tazama muundo wa DELF A1, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa wa ngazi ya mwanzo: sehemu nne za kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25, na kufaulu ni 50 kati ya 100 mradi hakuna sehemu iliyopata chini ya 5. Si lazima wazazi walipie mtihani wenyewe. Tunga wa kwako kwa umbo hilo mwishoni mwa muhula wa tatu, na usipunguze sehemu ya kusikiliza hata ikibidi usome mwenyewe kwa sauti mara mbili. Matokeo yakitoka, angalia sehemu, usiangalie jumla. Darasa likiwa limepata 18 kwenye kuandika na 7 kwenye kusikiliza, muhula wa kwanza wa Senior Two uanze tena na mlango, “Bonjour!”, na ubao mtupu kwa wiki mbili.